Jemadari Aliondoka, Watu Walibaki

Ukisoma habari za vita vya Ufilipino katika vitabu vingi vya historia, utaona kuwa vinaanza kwa jemadari kuondoka na vinaisha kwa jemadari kurudi. Jemadari huyo ni Mmarekani, Douglas MacArthur. Usiku wa tarehe 11 Machi 1942 alitoka kisiwa cha Corregidor kwa mashua ya vita yendayo kasi, akafika Australia, akaahidi kwamba atarudi. Tarehe 20 Oktoba 1944 alirudi kweli, akashuka pwani ya Leyte na maji yakimfika magotini, na picha yake ikaenea ulimwengu mzima. Kati ya tarehe hizo mbili kuna miaka miwili na miezi saba. Wengi wetu tukifika hapo twageuza ukurasa.

Mimi nasema kwamba ukurasa huo tunaougeuza ndio wenye historia yenyewe. Shabaha ya makala haya ni kuwaeleza wanafunzi wenzangu, pamoja nanyi wazee wetu mliopita shuleni hapa zamani, mambo mawili. La kwanza, Wafilipino walimpinga Mjapani kwa hiari yao wenyewe, wala hawakungoja amri ya mtu. La pili, deni lao halijalipwa hata leo, na sisi tusomao habari zao tuna sehemu katika deni hilo.

Kwanza tukumbuke watu hao walikuwa nani. Ufilipino ni nchi ya visiwa zaidi ya 7,000. Wahispania waliitawala kwa zaidi ya miaka 300. Mwaka 1898 Marekani ilichukua nafasi yao, na Wafilipino waliotaka kujitawala wakapigana na bwana mpya wakashindwa. Hata hivyo hawakuacha kudai. Mwaka 1934 Marekani ikapitisha sheria ya kuwapa uhuru baada ya miaka kumi ya serikali ya ndani, na serikali hiyo ikaanza mwaka 1935 chini ya Rais Manuel Quezon. Basi walikuwa wakihesabu miaka. Ilipobaki mitano tu, Mjapani akaja.

Alikuja tarehe 8 Desemba 1941, saa chache baada ya kupiga Pearl Harbor. Tarehe 2 Januari 1942 askari wake wakaingia Manila. Tarehe 9 Aprili jeshi lililokuwa rasi ya Bataan, likiwa na njaa na malaria, likasalimu amri. Mateka walikuwa zaidi ya 70,000, na walio wengi walikuwa Wafilipino. Wakaendeshwa kwa miguu katika jua kali, safari ya kilomita zipatazo 100, bila chakula cha kutosha wala maji. Aliyeanguka alichomwa singe au alipigwa risasi. Maelfu walikufa njiani, na maelfu wengine wakafa kambini baada ya kufika. Tarehe 6 Mei Corregidor nayo ikaanguka. Rais Quezon alikuwa amekwisha ondolewa nchini, naye alikufa ugenini Marekani mwaka 1944.

Hapo ndipo penye swali langu. Jemadari hayupo, Rais hayupo, jeshi limesalimu amri. Twasema katika methali zetu, "Mwenye nguvu mpishe." Kwa nini Wafilipino hawakumpisha?

Katika majadiliano yetu ya shule nimewasikia wenzangu wakisema kwamba Wafilipino walikosea. Hoja yao ni hii: Mjapani alikuwa Mwasia, na alimfukuza mzungu aliyekuwa akiwatawala Waasia. Je, haikuwapasa kumpokea kama ndugu? Hoja hiyo si ya kudharauliwa, maana ndiyo hoja aliyoitumia Mjapani mwenyewe. Alibandika matangazo kila mji: Asia kwa Waasia. Alihimiza lugha ya Kitagalogi, akafundisha Kijapani shuleni, akafuta sifa za Marekani katika vitabu vya watoto.

Lakini twasema pia, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Basi tumtazame mwenyeji, tuone kama alipona. Kila apitapo mbele ya askari wa zamu wa Kijapani ilimlazimu kuinama. Asipoinama, au akiinama vibaya, alipigwa kofi mbele ya mkewe na watoto wake. Mpunga wake ulichukuliwa kulisha jeshi. Akauziwa kwa noti zilizochapwa ovyo bila akiba yoyote nyuma yake, noti ambazo watu walizipachika jina la katuni, "pesa za Mickey Mouse." Thamani yake ilishuka hata mtu akaenda sokoni na noti tele, akarudi na chakula kidogo. Aliyeshukiwa alipelekwa ngome ya Santiago, Manila, na wengi walioingia humo hawakutoka. Wanawake na wasichana walikamatwa wakafungiwa katika nyumba za askari, wakatendewa unyama siku baada ya siku.

Kisha tarehe 14 Oktoba 1943 Mjapani akawapa Wafilipino "uhuru." Bendera ilipandishwa, na mwanasheria José P. Laurel akaapishwa kuwa rais. Lakini pamoja na uhuru huo ulitiwa sahihi mkataba wa ushirikiano, na askari wa Kijapani wakabaki pale pale walipokuwa. Nawauliza wenzangu wanaomtetea Mjapani: huo ni uhuru wa namna gani, ambao siku ya pili yake mwananchi anaamka na kumwinamia askari yule yule? Rangi ya ngozi si hati ya urafiki. Anayekuja na bunduki kuchukua mpunga wako ni mnyang'anyi, hata mkifanana sura. Wafilipino hawakukosea. Walimpima mgeni kwa matendo yake, wakaacha maneno yake ukutani alipoyabandika.

Sasa tuwatazame waliobaki.

Katika kisiwa cha Panay alikuwako gavana wa jimbo, Tomas Confesor. Alikataa kusalimu amri, akahamishia serikali yake milimani. Mwaka 1943 mwenzake aliyekuwa akishirikiana na Wajapani alimwandikia kumsihi ashuke, ili watu wapumzike na mateso. Confesor alimjibu kwamba mateso hayo ndiyo kipimo cha tabia yao, kuonyesha kama imani waliyoitangaza wakati wa amani ilikuwa ya kweli. Katika Panay na visiwa vingine wapinzani walichapa hata noti zao wenyewe, kwa karatasi yoyote waliyoipata. Wajapani waliweza kumwua aliyekutwa nazo. Hata hivyo watu walizipokea. Mtu akikubali kukuuzia kuku kwa karatasi inayoweza kumpeleka kaburini, huyo amekwisha piga kura yake.

Katika kisiwa cha Leyte alikuwako mwalimu wa shule, mwanamke, jina lake Nieves Fernandez. Wajapani walipokuja kunyang'anya mali na kuchukua wasichana, aliacha chaki akaingia msituni. Aliongoza kikosi cha watu wapatao 110. Bunduki zao walijitengenezea wenyewe kwa mabomba ya chuma, wakazishindilia baruti na misumari. Wajapani walitangaza zawadi ya peso 10,000 kwa atakayemkamata. Hawakumpata.

Katika tambarare za kati za Luzon, wakulima wasio na ardhi, waliozoea kumpa mwenye shamba nusu ya mavuno, waliunda jeshi lao tarehe 29 Machi 1942. Waliliita Hukbalahap, yaani jeshi la wananchi dhidi ya Wajapani, na mkuu wake alikuwa Luis Taruc. Wenye mashamba makubwa wengi walikimbilia Manila. Wakulima wakavuna usiku, wakaficha mpunga, wakamnyima Mjapani chakula katika ghala kubwa kuliko zote nchini. Wanawake nao walishika bunduki. Mmoja aliyejulikana sana aliitwa Kamanda Liwayway, ambaye baba yake aliuawa na Wajapani.

Lakini ingekuwa kosa kudhani kwamba mpinzani ni yule mwenye bunduki tu. Josefa Llanes Escoda, mwanzilishi wa chama cha wasichana skauti wa nchi hiyo, alipeleka chakula, dawa na barua kwa mateka kambini. Alikamatwa mwaka 1944, akafungwa Santiago, na baada ya Januari 1945 hakuonekana tena. Josefina Guerrero alikuwa mgonjwa wa ukoma. Askari wa Kijapani waliogopa kumgusa, naye akaifanya hofu yao kuwa pasi yake. Mwaka 1945 alijifunga mgongoni ramani ya mahali yalipozikwa mabomu, akaenda kwa miguu kupita katikati ya adui, akawafikishia Wamarekani waliokuwa wakiikaribia Manila. Ugonjwa uliomfanya akimbiwe na watu ndio uliookoa maisha ya watu.

Nitoe mfano mmoja zaidi, maana ndio unaoonyesha vizuri zaidi fikira yangu. Tarehe 30 Januari 1945 askari wa Kimarekani zaidi ya 100 walivamia kambi ya Cabanatuan wakawakomboa mateka zaidi ya 500. Sifa zimewaendea wao, na walistahili. Lakini Juan Pajota na wapiganaji wake wa Kifilipino ndio waliolizuia darajani kundi kubwa la Wajapani lililotaka kuja kusaidia. Wanakijiji ndio walioleta magari yakokotwayo na nyati kuwabeba mateka wasioweza kutembea. Na kabla ya hayo yote, katika vijiji vya njiani mbwa walifungwa midomo na kuku wakawekwa katika matundu, ili kelele zao zisiwatambulishe askari wanaopita. Hebu fikiri. Kijiji kizima kinajua siri, wala hakuna anayekwenda kuiuza. Jemadari gani aliyekitolea kijiji hicho amri?

Wapiganaji wa msituni waliotambuliwa rasmi baada ya vita walipita 200,000. Waliomficha, waliomlisha na waliomnyamazia mpiganaji hakuna aliyewahesabu.

Hapa nitajibiwa kwamba si wote waliokuwa mashujaa. Ni kweli, na heshima ya mashujaa haihitaji tuufiche ukweli huo. Mwishoni mwa mwaka 1944 Wajapani waliunda kundi la Wafilipino wenzao wa kuwasaidia, lililoitwa Makapili. Wanaume wa kijiji walipangwa mstari. Mtu aliyevaa kapu la ukili kichwani, lenye matundu mawili ya macho, akapita mbele yao. Yule aliyemnyoshea kidole alichukuliwa. Mwenye kapu alikuwa jirani. Kikulacho ki nguoni mwako.

Na wale wakubwa waliokaa ofisini na Mjapani, je? Hapa wenzangu hugawanyika, nami nitasema rai yangu. Laurel alikubali urais kutoka mkononi mwa Mjapani, na kabla ya kuapishwa wapiganaji wenyewe walikwisha mpiga risasi mwaka 1943, akapona. Mwaka 1944 alitangaza hali ya vita na Marekani, lakini alikataa kuwaandikisha vijana wa nchi yake wakafe kwa ajili ya Japani. Baada ya vita alishitakiwa, na mwaka 1948 akasamehewa pamoja na wengine. Mimi siwezi kumweka kapu moja na Makapili. Anayekaa karibu na mwenye fimbo ili apunguze viboko si sawa na anayemwonyesha mwenye fimbo pa kupiga.

Hata hivyo kipimo kipo, nacho ni José Abad Santos. Alikuwa Jaji Mkuu. Quezon alipoondoka alikubali kubaki. Alikamatwa Cebu mwezi wa Aprili 1942, akatakiwa ashirikiane na watawala wapya, akakataa, akauawa Mindanao mwezi wa Mei. Mwanawe aliyekamatwa pamoja naye alilia alipoagwa. Habari zasema kwamba baba alimwambia asilie, awaonyeshe watu wale kuwa ni jasiri, kwani si kila mtu apataye nafasi ya kufa kwa ajili ya nchi yake. Wale waliosema kwamba haikuwezekana kukataa, na wamtazame huyu. Iliwezekana. Bei yake ilikuwa kubwa, naye aliilipa.

Nimefika kwenye deni.

Wafilipino wapatao milioni moja walikufa katika vita vile. Katika Manila peke yake, kati ya tarehe 3 Februari na tarehe 3 Machi 1945, walikufa raia wapatao 100,000. Wengi waliuawa na Wajapani waliokuwa wakishindwa, na wengine waliuawa na mizinga ya Wamarekani waliokuja kuwakomboa. Uhuru wao waliupata tarehe 4 Julai 1946, katika nchi iliyobomoka.

Je, walilipwa nini? Mwaka 1941 askari wa Kifilipino waliitwa na Rais wa Marekani kutumikia chini ya bendera yake. Tarehe 18 Februari 1946 Marekani ikatia sahihi sheria iliyosema kwamba utumishi wao usihesabiwe katika kutoa haki nyingi wanazopata askari wa Marekani. Fadhila za punda ni mateke. Ilichukua mpaka mwaka 2009 ndipo waliokuwa hai bado wakapewa malipo ya mara moja, dola 15,000 kwa aliyekuwa raia wa Marekani na dola 9,000 kwa asiyekuwa raia. Wakati huo kijana wa Bataan alikuwa mzee wa karibu miaka 90, na wenzake wengi walikuwa kaburini.

Wakulima wa Hukbalahap nao? Taruc alichaguliwa mbunge mwaka 1946, akanyimwa kiti pamoja na wenziwe. Walirudi msituni, na waliokuwa wamesifiwa kwa kumpiga Mjapani sasa wakawindwa na serikali ya nchi yao.

Na wale wanawake? Wajapani walikuwa wamewapa jina la adabu, "wanawake wa kuliwaza." Maria Rosa Henson alikamatwa kwenye kizuizi cha barabarani mwaka 1943, naye ni msichana wa miaka 15 aliyekuwa akiwasaidia Hukbalahap. Alifungwa miezi tisa. Alikaa kimya karibu miaka 50, hata mwaka 1992 akasimama mbele ya watu akasema yaliyompata, wa kwanza katika nchi yake. Wengine wakapata moyo wakamfuata. Desemba 2017 sanamu ya kuwakumbuka ilisimamishwa kando ya bahari Manila. Aprili 2018 iling'olewa.

Hata kumbukumbu ya heshima haikai salama. Tangu mwaka 1991 noti ya peso 1,000 ya nchi hiyo ilibeba picha ya Abad Santos, ya Escoda, na ya Jenerali Vicente Lim, watatu waliouawa na Wajapani. Mwaka 2022 ilitoka noti mpya ya peso 1,000, na juu yake kuna tai. Tai ni ndege mzuri, lakini hakukataa kumtumikia Mjapani.

Pengine msomaji atauliza, haya yatuhusu nini sisi tulio mbali? Yatuhusu kwa njia mbili. Ya kwanza ni ya damu. Mwaka 1944 askari wa KAR kutoka Uganda, Kenya, Tanganyika na nchi za jirani walipigana na jeshi hilo hilo la Kijapani katika bonde la Kabaw, Burma. Walirudi na nishani, na malipo yao ya kuachishwa kazi yalikuwa madogo kuliko ya askari weupe waliotumikia pamoja nao. Majina ya majemadari wao tunayakuta vitabuni. Majina ya askari wenyewe yako wapi?

Ya pili ni ya akili. Katika mtihani tunaulizwa nani aliongoza, na mwaka gani. Si vibaya kulijua jibu. Lakini mwanafunzi anayeishia hapo atakua akiamini kwamba mambo makubwa hufanywa na wakubwa tu, na siku ya shida atakaa kando ya njia akingoja jemadari arudi. Mwalimu Fernandez hakungoja, wala mgonjwa wa ukoma hakungoja.

Kwa hiyo nina ombi kwa Mhariri na kwa wasomaji. Wazee wetu mliosoma hapa, wengi mna jamaa waliokwenda Burma, au waliobaki nyumbani wakalima chakula cha vita ile. Tuandikieni mliyoyasikia kwao: majina yao, vijiji vyao, walichofanya na walicholipwa. Nanyi wenzangu, likizo ijayo nendeni kwa mabibi na mababu na kalamu mkononi kabla hawajatutoka. Mhariri akitupa kurasa mbili kila toleo, tutaanza kulipa sehemu yetu.

Mwanafunzi wa Kidato cha Sita